Outlook ianze na wazabuni wangu, si na wafanyakazi wote: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko kitengo cha ununuzi katika taasisi yenye matawi mikoa kadhaa. Kila nikibofya To ili nichague wa kumwandikia, Outlook inanifungulia orodha ya wafanyakazi wote, majina maelfu, wakati mimi kutwa nawaandikia wazabuni walio kwenye folda yangu. Nikiandika jina kwa mkono, mara nyingi anakuja mfanyakazi wa tawi jingine mwenye jina hilo. Juzi nilibakiza kidogo kutuma profoma ya mzabuni kwa mtu asiyehusika. Mwenzangu alibadilisha mpangilio kwenye kompyuta yake, lakini mpaka leo yanamjia majina ya watu waliokwishahama, na akiwatumia barua zinarudi. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Uliyoyaeleza ni mambo matatu, na Outlook inaendesha kila moja kwa mpangilio wake. La kwanza ni orodha ipi ifunguke unapobofya To. La pili ni orodha ipi ichunguzwe mwanzo unapoandika jina kwa mkono na kuiachia programu itafute anwani. La tatu ni yale majina yanayojileta chini ya mstari wa To ukiwa umeandika herufi mbili tatu tu. Ukibadilisha la kwanza, la pili linabaki vilevile. Ukibadilisha yote mawili, la tatu halina habari. Ndiyo maana mwenzako hakukosea alichofanya, na bado anasumbuka.

Nazungumzia Outlook ya kawaida ya Windows, ile ambayo sasa Microsoft wanaiita classic, kwa kuwa maelezo yako yanaielekea hiyo. Ile mpya ina habari yake, tutaifikia.

Ukiwa kwenye barua zako, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kitabu cha anwani. Juu ya dirisha hilo hilo kuna menyu ya Tools. Ifungue, kisha bofya Options. Wengi hupotea hapa: huenda kwenye File, wakaingia Options za Outlook nzima, wakazunguka humo hadi wakachoka. Mpangilio unaoutafuta haumo humo kabisa. Umewekwa ndani ya kitabu cha anwani chenyewe, na usipopita mlango huo huupati.

Dirisha dogo litakalotokea lina sehemu mbili. Moja inahusu utaratibu wa kuchunguza majina wakati wa kutuma, nayo ina machaguo matatu: kuanza na orodha kuu ya taasisi, ile inayoandikwa Global Address List, kuanza na folda zako za majina, au Custom, yaani upange mwenyewe. Nyingine ni kisanduku cha kuchagua orodha itakayoonekana kwanza kitabu kinapofunguliwa. Kisanduku hicho kwa kawaida huwa kimeachwa kwenye Choose automatically, na kwa mwenye akaunti ya Exchange (mfumo wa Microsoft wa barua za taasisi) au Microsoft 365 matokeo yake huwa ni hiyo orodha kuu. Shusha kisanduku, chagua folda yenye wazabuni wako, bofya OK, funga kitabu. Anza barua mpya ubofye To. Jambo la kwanza limekwisha, wala halikuhitaji fundi.

Inawezekana ukashusha kisanduku na folda yako usiione. Si kwamba imepotea. Haijaruhusiwa kuhesabiwa kuwa kitabu cha anwani. Nenda kwenye majina yako (Ctrl na 3 itakupeleka), bofya folda husika kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha kichupo cha Outlook Address Book. Kuna sehemu ya kuweka tiki ili folda ionekane kama kitabu cha anwani. Weka tiki, bofya OK, rudi kwenye Tools na Options.

Na ikiwa sehemu hiyo ya tiki imefifia, haibofyeki? Hapo huduma ya kitabu cha anwani cha Outlook imekosekana kwenye wasifu wako wa Outlook, yaani ule mkusanyiko wa akaunti na mipangilio ambao Outlook huuita profile. Fungua File, Account Settings, kisha tena Account Settings, nenda kichupo cha Address Books. Bofya New, chagua Additional Address Books, halafu Outlook Address Book. Funga Outlook kabisa na uiwashe upya, maana bila kuifunga huduma hiyo haianzi kufanya kazi. Ukirudi kwenye Properties za folda utakuta tiki inawekeka.

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo lenye hatari, na ningependa ulisome taratibu kabla ya kugusa kitu.

Unapoandika "Juma" kwenye mstari wa To na kuendelea na barua, Outlook inafanya kama tarishi aliyepewa bahasha yenye jina moja tu: anapita ofisi kwa ofisi kwa utaratibu aliopangiwa, na akimpata Juma katika ofisi ya kwanza, za mbele hazifikii. Kama orodha kuu ndiyo ya kwanza, Juma wa tawi la Mbeya atapatikana kabla ya Juma mzabuni wa vifaa vya ofisi. Wakiwa wengi wenye jina hilo, Outlook itakuuliza umtakaye, na ukiwa na haraka utabofya yule wa juu. Ndivyo profoma yako ilivyotaka kupotea.

Jibu rahisi lingekuwa: basi chagua kuanza na folda zako. Mafundi wengi watakwambia hivyo, na kwa mtu asiye na majina ya wafanyakazi wenzake kwenye folda yake, wako sahihi. Lakini fungua folda yako ya Contacts sasa hivi utazame walio humo. Karibu kila folda ya mtu aliyekaa ofisini miaka kadhaa ina wafanyakazi wenzake: wengine aliwahifadhi kwa kubofya majina yao ndani ya barua, wengine walikuja na simu ilipounganishwa. Nakala hizo huwa haziguswi na mtu. Mhasibu akihama, orodha kuu inarekebishwa na kitengo cha TEHAMA. Nakala yako inabaki na anwani ya zamani. Ukiipa folda yako nafasi ya kwanza, nakala hiyo iliyochakaa ndiyo itakayoshinda kila siku, na orodha iliyo sahihi haitafikiwa. Utakuwa umehamisha kosa kutoka kwa wazabuni kwenda kwa wafanyakazi wenzako, na hilo la pili ni gumu kuligundua, kwa sababu jina linaonekana sawasawa na ulivyotarajia.

Kwa hiyo kwa kazi yako ningechagua Custom, na ningeipanga hivi. Kwanza tengeneza folda ya pekee ndani ya majina yako, uiite Wazabuni, uhamishie humo wazabuni tu, asiingie mfanyakazi hata mmoja. Hakikisha ina ile tiki ya kitabu cha anwani. Kisha kwenye Custom weka Wazabuni juu, orodha kuu ya taasisi ifuate, na folda yako ya kawaida ya Contacts iwe ya mwisho. Kitufe cha Add kinaongeza orodha ambayo haimo, na vile vimshale vinapandisha na kushusha. Kwa mpango huu jina la mzabuni linapatikana kwanza, jina la mfanyakazi linapatikana kutoka orodha inayotunzwa, na vile vijina vya zamani havipati nafasi ila pale ambapo kote kumekosa.

Mwenzako kama kazi yake ni ya ndani, anaandikia wakuu wa idara na matawi zaidi ya watu wa nje, asikuige. Yeye aache orodha kuu iwe ya kwanza kuchunguzwa, hata kama atapenda kitabu kifunguke kwenye folda yake. Mipangilio hii miwili inaruhusiwa kutofautiana, na kwa watu wengi inafaa itofautiane.

Mipangilio hii hukaa kwenye wasifu wa Outlook katika kompyuta unayoitumia. Ukipewa kompyuta nyingine, au TEHAMA wakikutengenezea wasifu mpya kwa sababu Outlook iligoma kufunguka, utaikuta imerudi ilivyokuwa mwanzo na utaipanga upya. Folda ya Wazabuni haitapotea, kwa kuwa iko ndani ya sanduku lako la barua kwenye seva. Kinachopotea ni mpangilio wake.

Ukishaipanga, usiishie kuandika jina na kuamini. Andika jina, kisha bonyeza Ctrl na K. Hiyo inailazimisha Outlook ilitafute jina hapo hapo, ukiwa bado umelitazama, badala ya kungoja dakika ya kutuma. Jina likipigiwa mstari chini, limepata anwani. Likipigiwa mstari mwekundu wa mawimbi, kuna zaidi ya mmoja. Libofye kwa kitufe cha kulia uchague. Kwa wafanyakazi wa ndani kuna njia iliyo kali zaidi: kama jina lake la mfumo (alias, lile fupi alilosajiliwa nalo) ni ajuma, andika =ajuma pamoja na hiyo alama ya sawasawa, halafu Ctrl na K. Exchange itatafuta mwenye jina hilo hilo la mfumo, isilete wanaofanana naye. Katika taasisi yenye kina Asha Juma watano njia hii inaokoa mengi.

Majina yetu nayo yanachangia tatizo. Ramadhani na Ramadhan, Abdallah na Abdalla, Mwanaidi na Mwanaid: aliyeingiza jina kwenye mfumo aliandika alivyoona kwenye cheti, wewe unaandika unavyolitamka. Utafutaji wa majina unaangalia mwanzo wa jina, kwa hiyo andika sehemu ambayo haibishaniwi. "Ramadh" itawapata wote wawili. "Ramadhani" itamwacha asiye na i. Na usishangae ukiandika jina la mji ukaletewa watu: sehemu ya ofisi iliyojazwa kwenye taarifa za mfanyakazi nayo inachunguzwa, hivyo kama TEHAMA walijaza "Mbeya" pale, kuandika Mbeya kutakuletea watu wa tawi hilo. Mnaweza kulitumia hilo kwa faida.

Ndani ya dirisha la kitabu cha anwani, sehemu ya kutafutia ina machaguo mawili, Name only na More columns. La kwanza linakurusha tu hadi pale jina lenye mwanzo huo lilipo kwenye orodha. La pili linachunguza safu nyingine pia, ila lazima ubofye Go ndipo lianze. Mtu unayemjua kwa jina la baba yake tu, au kwa cheo, mtafute kwa More columns. Nimeona watu wakishuka kwa kipanya ukurasa baada ya ukurasa wa majina elfu tatu kwa kuwa hawakukiona kitufe hicho.

Kwa wazabuni, nafasi ya kuwatofautisha iko mikononi mwako. Kila jina kwenye folda lina sehemu iitwayo Display as, karibu na anwani ya barua pepe. Yaliyoandikwa humo ndiyo utakayoyaona kwenye kitabu cha anwani. Badilisha iwe jina la kampuni kwanza, kisha la mtu. Hapo hutamtafuta Juma tena. Utaitafuta kampuni, na kampuni mbili ni nadra kuwa na jina moja. Tahadhari moja: maneno hayo yanasafiri pamoja na barua, na mpokeaji anaweza kuyaona kwenye mstari wa To. Usiandike "anachelewesha mzigo" wala "bei juu" mle ndani. Maoni ya namna hiyo yana sehemu yake ya maelezo chini ya ukurasa wa jina, ambayo haitumwi.

Ukifungua folda yako kwenye kitabu cha anwani unaweza kukuta mzabuni mmoja ametokea mara mbili, mara moja kwa barua pepe na mara nyingine kwa faksi. Outlook inahesabu namba ya faksi kuwa ni anwani ya kutumia ujumbe, desturi ya tangu zamani ambayo haijaondolewa. Ukichagua ile ya faksi barua haitafika. Siku hizi faksi hazitumiki sana. Zifute namba hizo, au zihamishie kwenye sehemu ya maelezo kama unalazimika kuzitunza. Na kinyume chake: mzabuni uliyemhifadhi kwa namba ya simu peke yake hataonekana kabisa kwenye kitabu cha anwani, ingawa kwenye folda yumo.

Tuje kwa mwenzako.

Majina yanayojileta chini ya mstari wa To hayafuati utaratibu wa orodha niliokueleza. Yanatoka kwenye kumbukumbu ya watu aliowahi kuwaandikia. Zamani, hadi Outlook ya 2007, kumbukumbu hiyo ilikaa kwenye faili moja la kompyuta lenye kiambishi cha NK2. Kuanzia Outlook ya 2010 inatunzwa ndani ya sanduku la barua lenyewe, ndiyo maana inamfuata mtu hata akibadilishiwa kompyuta. Kwa hiyo anaweza kupanga kitabu chake kwa ustadi wote, na bado akiandika "Nee" anajiwa na Neema aliyeacha kazi.

Sababu ya barua zake kurudi ni hii. Kwa mtu wa ndani ya taasisi, kumbukumbu hiyo haihifadhi ile anwani yenye alama ya @ unayoiona. Inahifadhi anwani ya ndani ya Exchange, ndefu, ya kumtambulisha mtu ndani ya mfumo. Mtu akihama na sanduku lake likafutwa, kisha akarudi na kutengenezewa jingine, jina lake ni lile lile na anwani yake ya nje ni ile ile, lakini ile ya ndani ni nyingine. Mwenzako akilichagua jina lililojileta, Outlook inatuma kwenye anwani ya ndani ambayo haipo tena. Mwambie atazame ujumbe wa kurudishiwa: akiona mfuatano unaoanza na IMCEAEX, basi tatizo ni hilo na halina uhusiano na mtandao wala na mpokeaji.

Dawa yake ni kuandika herufi za mwanzo, kungoja jina lijilete, na kubofya alama ya X iliyo pembeni mwa jina hilo. Limefutika kwenye kumbukumbu. Kisha amchague mtu huyo upya kutoka orodha kuu, na kuanzia hapo kumbukumbu itashika anwani mpya. Kuna pia kitufe cha kufuta kumbukumbu yote: File, Options, Mail, shuka hadi sehemu ya Send messages, Empty Auto-Complete List. Mimi simshauri mtu aanze na hicho. Kumbukumbu hiyo inaweza kubeba hadi majina 1,000, na kwa watu wengi wa ofisini humo mna anwani za wateja ambazo hazijahifadhiwa mahali pengine popote. Ukizifuta, hazirudi. Afute moja moja yanayomsumbua, au kwanza awahifadhi watu wa nje anaowahitaji kwenye folda, ndipo afute yote kwa amani.

Kwa mtu anayeshika nyaraka nyeti, mishahara, tathmini za zabuni, taarifa za wagonjwa, kuna hoja nzuri ya kuzima mapendekezo hayo kabisa. Tiki yake iko hapo hapo kando ya hicho kitufe cha kufuta. Kazi itaenda polepole kidogo, kila jina litachaguliwa kwa makusudi. Naamini polepole hiyo ina thamani yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna wa ulinzi wa data ajulishwe ndani ya saa 72 taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Hati ya mshahara iliyokwenda kwa Neema asiye Neema ni taarifa ya mtu iliyotoka mikononi mwa ofisi, hata kama kilichoitoa ni herufi tatu na kitufe cha Enter.

Usitegemee kuirudisha barua ukishatuma. Kurudisha kunafanya kazi ndani ya taasisi tu. Kwa mzabuni mwenye barua pepe yake ya nje, ikitoka imetoka. Kilicho bora ni kuichelewesha. Tengeneza kanuni kwenye Rules ya barua zinazotoka, chagua kuahirisha kutuma kwa dakika moja au mbili (inakubali hadi 120). Barua itangoja kwenye Outbox, na moyo ukishtuka baada ya kubofya Send una nafasi ya kuifungua. Katika dakika hizo Outlook iwe wazi. Ukiifunga, barua itabaki hapo mpaka uiwashe tena.

Linaweza pia kukutokea hili: mfanyakazi mpya ameanza leo, TEHAMA wanasema wameshamsajili, wewe humwoni. Hawakudanganyi. Outlook nyingi za ofisini hazisomi orodha kuu moja kwa moja kutoka kwenye seva. Zinatumia nakala iliyopakuliwa kwenye kompyuta. Katika Exchange Online (Exchange ya Microsoft 365, inayoendeshwa na Microsoft wenyewe) seva hutengeneza nakala mpya kila baada ya saa 8, na Outlook yako huipakua mara moja kwa saa 24. Ukijumlisha, mtu anaweza kukosekana kwako siku nzima na zaidi huku yumo. Ukimhitaji kabla ya hapo, nenda kichupo cha Send/Receive, fungua Send/Receive Groups, chagua Download Address Book. Hiyo itakuletea nakala ya mwisho iliyotengenezwa na seva. Kama seva yenyewe haijamweka, hutampata hata ukipakua mara kumi. Fungua barua pepe yako kwenye kivinjari; huko orodha inasomwa kwenye seva yenyewe, na mara nyingi utamkuta.

Kuna mambo mawili ambayo huwezi kuyafanya wewe, ila unaweza kuyaomba TEHAMA, na ningeyaandika kwenye barua rasmi yenye sahihi ya mkuu wa kitengo chenu ili yasiishie kwenye mazungumzo ya koridoni.

Kwanza, wazabuni ambao kitengo kizima kinawaandikia wasikae kwenye folda ya mtu mmoja. Ukienda likizo ya uzazi au ukihamishwa, folda inakwenda nawe. Msimamizi wa Exchange anaweza kuwasajili kama anwani za nje ndani ya mfumo wa taasisi, kisha akawatengenezea orodha yao pekee itakayoonekana kwa jina lake upande wa orodha za anwani. Orodha hiyo unaweza kuichagua kwenye kile kisanduku cha kufungua kwanza, kama ulivyofanya kwa folda yako. Anwani ya mzabuni ikibadilika inarekebishwa mahali pamoja, na wote mnapata iliyo sahihi. Na kama wengine katika taasisi hawapaswi kuwaona wazabuni hao, au matawi hayana haja ya kuonana, kuna sera za kitabu cha anwani, zilizokuja na Exchange 2010 toleo la SP2, zinazomgawia kila mtu orodha kuu inayomhusu. Katika taasisi ya ukubwa wa kwenu naona hii ndiyo kazi hasa. Yote niliyokueleza juu ni ya kujisaidia wakati mkiingoja.

Pili, waombe wawashe ile tahadhari ya wapokeaji wa nje. Ni mstari mdogo unaotokea juu ya barua kabla hujatuma, ukisema kuna mpokeaji asiye wa taasisi. Exchange inao, ila kwa chaguo-msingi umezimwa. Kwako wewe utafanya kazi kinyume na kwa wengine: unapoandikia mzabuni unatakiwa uuone. Ukiandika profoma na mstari usitokee, simama. Aliye kwenye To ni mfanyakazi.

Sasa Outlook mpya, ile inayowashwa kwa swichi iliyo juu kulia. Dirisha la Tools na Options nililokupitisha halimo humo. Huwezi kuipangia utaratibu wa kuchunguza majina kama tulivyofanya. Ukibofya To unachagua orodha kila unapoihitaji, na mapendekezo ndiyo yanayotawala. Kwa kazi yako nakushauri uirudishe swichi hiyo nyuma kama bado unayo ruhusa. Microsoft wametangaza kuwa Outlook ya kawaida itaendelea kuhudumiwa hadi angalau mwaka 2029, kwa hiyo hakuna haraka. Kama TEHAMA wameshafunga njia ya kurudi, lile ombi la kwanza kwao, la orodha ya wazabuni ndani ya mfumo wa taasisi, linakuwa la lazima, kwa sababu folda ya kwako pekee haitakupa tena nafasi ya mbele uliyokuwa ukiitaka.